Kuendesha mfumo endeshi wa kisasa kwenye kichakataji cha zamani

Kompyuta inapoukataa mfumo endeshi mpya, huukataa kwa sababu moja kati ya mbili. Huenda kichakataji chake hakizijui baadhi ya amri ambazo mfumo huo umeandikwa kuzitumia, au huenda kinazijua zote lakini kampuni iliyoutengeneza mfumo imeamua kutokihudumia. Sababu ya kwanza ni ukuta wa silikoni, na karibu hakuna hila inayoupita. Ya pili ni ukuta wa sera, na mara nyingi una mlango wa uani. Wengi hupoteza siku nzima, na wengine hupoteza data zao, kwa kuugonga ukuta wa kwanza wakidhani ni wa pili. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kichakataji chenyewe, kabla hujapakua faili lolote wala kugusa flashi.

Kwanza kiulize kichakataji

Kibandiko kilichoko pembeni mwa kibodi hakikuelezi la maana. Jina la Pentium limetumika tangu 1993 hadi 2023, na Core i5 za kwanza zilitoka 2009. Ukisema tu kwamba una "Core i5" ni sawa na kusema una gari bila kutaja ni la aina gani. Hata mwaka wa kutengenezwa unaweza kukudanganya. Pentium G4560 ya 2017 haina amri za familia ya AVX (zile za kukokotoa namba nyingi kwa mkupuo), kwa kuwa Intel ilikuwa ikizifunga kwenye vichakataji vyake vya bei nafuu, ilhali Core i3 za kizazi cha Haswell zilizotoka 2013 zina AVX2. Ukiviwekea vichakataji hivyo viwili mfumo unaodai AVX2, kile cha 2013 kitawaka na kile cha 2017 kitagoma.

Njia ya uhakika ni kukiuliza kichakataji chenyewe. Ikiwa kompyuta bado inaweza kuwaka na Linux yoyote, hata ile inayoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, fungua terminali uandike mstari huu:

grep -o -w -E 'lm|pae|nx|sse2|pni|ssse3|cx16|popcnt|sse4_2|avx2' /proc/cpuinfo | sort -u

Kitakachorudi ni orodha fupi, neno moja kila mstari, na neno lisiloonekana ndilo lenye habari. Ukikosa "lm", kichakataji ni cha biti 32 na hakitakuwa kingine hata ufanyeje. "pae" na "nx" zinahusu namna kumbukumbu inavyopangwa na kulindwa, na kerneli (kitovu cha mfumo endeshi) nyingi za leo za biti 32 huidai ile ya kwanza. "pni" ni jina la zamani la SSE3, ambalo Linux imeendelea kulitumia, kwa hiyo usishtuke usipoona neno "sse3" popote. "popcnt" na "sse4_2" ndizo zinazoamua kama Windows mpya itawaka, na "avx2" ndiyo inayotenganisha vichakataji vya kuanzia 2013 na vingi vilivyotangulia.

Kwenye Linux ya biti 64 yenye glibc (maktaba kuu ya mfumo) 2.33 au mpya zaidi kuna njia fupi kuliko hiyo. Andika /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help, kisha teremka mwisho wa maandishi, na utaona viwango vya x86-64 (muundo wa vichakataji vya biti 64 vya Intel na AMD) vikiwa vimeorodheshwa, vile ambavyo kichakataji chako kinavimudu vikiwa na neno "supported" pembeni. Kwa anayetumia Windows, programu ndogo ya Coreinfo kutoka mkusanyiko wa Sysinternals hufanya kazi hiyohiyo: nyota mbele ya jina la amri maana yake ipo, na kistari maana yake haipo.

Viwango hivyo vinastahili maelezo kidogo kwa sababu distro nyingi (yaani matoleo mbalimbali ya Linux) siku hizi huvitaja badala ya kutaja majina ya vichakataji. Kiwango cha kwanza ni kile kilichozaliwa na Opteron ya AMD mwaka 2003, na kila kichakataji cha biti 64 cha Intel na AMD kinakitimiza. Kiwango cha pili, v2, kinaongeza SSE4.2, POPCNT na CMPXCHG16B (ndiyo "cx16" ya orodha yako), na kwa upande wa Intel kilianza na kizazi cha Nehalem mwishoni mwa 2008. Cha tatu, v3, kinaongeza AVX2 na wenzake, kikianzia Haswell ya 2013. Cha nne kinahusu AVX-512, na kwa mwenye kompyuta ya zamani hakina haja ya kujadiliwa.

Kuna vichakataji viwili ambavyo huwachanganya watu kila siku. Core 2 Duo na Core 2 Quad za mwisho zina SSE4.1, na mwenyewe akiiona namba 4 hudhani kwamba amevuka. Hajavuka, kwa kuwa SSE4.2 na POPCNT hazimo. Phenom II ya AMD ni tatizo la namna nyingine: POPCNT inayo, lakini SSE4.2 haina, kwa sababu AMD ilisubiri hadi Bulldozer ya 2011 kuileta. Kwa hiyo Phenom II yenye viini sita, ambayo kwa nguvu bado inaweza kuishinda laptopu ndogo iliyotengenezwa miaka mingi baada yake, inabaki kwenye kiwango cha kwanza.

Windows na kuta zake mbili

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 na masharti yake ni haya: kichakataji cha biti 64 chenye viini viwili au zaidi, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, UEFI (mrithi wa BIOS) inayokubali Secure Boot, yaani ukaguzi wa saini za programu wakati wa kuwaka, chipu ya TPM 2.0 ya kutunza funguo za usalama, na juu ya hayo jina la kichakataji liwemo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, ukiacha vichache vya kizazi cha 7, orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8. Kwa AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mwenye Core i7 ya kizazi cha 4 au cha 6 amebaki katikati: kompyuta yake ina nguvu za kutosha na amri zote zinazohitajika, ila jina lake halimo kwenye orodha. Huo ndio ukuta wa sera.

Mlango wake wa uani ni rahisi. Ukitumia programu ya Rufus kuandika faili la ISO (nakala kamili ya diski ya kusakinishia) la Windows 11 kwenye flashi, kabla haijaanza kuandika itakufungulia kidirisha chenye visanduku vya kuweka alama, na kimojawapo kinaondoa masharti ya GB 4 za RAM, Secure Boot na TPM 2.0. Weka alama hapo, andika flashi, kisha iwashe kompyuta kwa flashi hiyo.

Anayependa kufanya kwa mkono anaweza kuanza usakinishaji wa kawaida, na kisakinishi kinapoonyesha skrini ya kwanza ya kuchagua lugha akabonyeza Shift na F10 kwa pamoja, akaandika regedit, akaenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\Setup, akatengeneza hapo ufunguo mpya unaoitwa LabConfig, na ndani yake akaweka thamani za DWORD za biti 32 zenye majina BypassTPMCheck, BypassSecureBootCheck na, ikibidi, BypassRAMCheck, kila moja ikiwa 1. Akifunga madirisha hayo na kuendelea, ukaguzi utapita kimya. Kosa la kawaida ni kuandika LabConfig chini ya ufunguo mwingine, kwa mfano ndani ya Setup iliyoko chini ya SOFTWARE, na hapo hakuna kitakachobadilika.

Kwa kichakataji kisicho na POPCNT na SSE4.2, hila zote hizo zinafika kikomo kwenye toleo la 24H2 la mwaka 2024. Kuanzia toleo hilo kerneli ya Windows yenyewe imeandikwa kwa kutumia amri hizo, na hakuna thamani ya rejista itakayokifundisha kichakataji amri kisiyoijua. Kwenye Core 2 Duo hutapewa hata ujumbe wa kosa: nembo inatokea, kompyuta inajizima na kuwaka tena, nembo inatokea tena, na mchezo unaendelea hivyo mpaka uchomoe flashi. Nimeona watu wakibadilisha RAM na kuandika upya flashi mara nne kwa sababu ya mzunguko huo, na flashi haikuwa na kosa lolote.

Hata pale usakinishaji unapofanikiwa, elewa unachokipata. Microsoft imeandika wazi kwamba kompyuta zisizotimiza masharti hazina haki ya kupata masasisho, yakiwemo ya usalama. Kwa kawaida yale ya kila mwezi huwa yanafika, lakini toleo jipya la mwaka halitakuja lenyewe, na itakubidi urudie kazi ya flashi kila mara. Kwa maoni yangu, Windows 11 kwa njia hii inafaa kompyuta yenye angalau GB 8 za RAM na diski ya SSD. Chini ya hapo utakuwa umeshinda mabishano na kisakinishi, kisha utashindwa na kompyuta yenyewe kila asubuhi.

Kwa Mac za Intel hadithi inafanana, na programu ya OpenCore Legacy Patcher ndiyo inayotumika. Ukuta wa AVX2 ulijengwa na macOS Ventura ya 2022, na programu hiyo inaweza kuuzunguka, lakini kadi ya picha ndiyo husumbua zaidi, kwa kuwa tangu Mojave ya 2018 mfumo unategemea Metal, njia ya Apple ya kuiamrisha kadi ya picha. Viraka vya kadi hiyo hufutika kila unaposasisha mfumo na lazima viwekwe upya, jambo ambalo mwenye Mac ya namna hiyo analizoea au analichoka.

Linux: chagua distro kwa kipimo cha amri

Hapa uwanja ni mpana, ila nao una mipaka inayosogea. Debian 13, Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22 zote zinaridhika na kiwango cha kwanza cha x86-64, kwa hiyo Core 2 Duo na Phenom II zinaingia bila hila yoyote. Red Hat Enterprise Linux imechukua njia nyingine: toleo la 9 la mwaka 2022 linadai v2, na toleo la 10 la mwaka 2025 linadai v3. Anayetaka kubaki kwenye familia hiyo na kichakataji chake kinafika v2 tu anaweza kutumia AlmaLinux 10, ambayo imetengeneza toleo la pembeni kwa ajili ya kiwango hicho.

Kwa biti 32 hali imebana sana. Debian 12 ya Juni 2023 ndiyo ya mwisho kuwa na kisakinishi na kerneli za biti 32. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 imebakiza vifurushi vya i386 kwa ajili ya kuendesha programu za zamani ndani ya mfumo wa biti 64 tu. Zilizobaki ni antiX, ambayo imejengwa kwa makusudi kwa ajili ya kompyuta dhaifu, Alpine Linux, na nje ya Linux kuna NetBSD na OpenBSD. Zote zinawaka vizuri. Tatizo linaanza pale unapotaka kufungua ukurasa wa wavuti: Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Firefox imeiacha kuanzia toleo la 145. Kompyuta ya biti 32 leo bado inafaa kuwa seva ndogo ya faili nyumbani, mashine ya kuandikia, au kituo cha kujifunzia amri za Unix, lakini usimpe mtu kama kompyuta yake ya kila siku ya intaneti.

Swali linaloulizwa sana ni hili: kichakataji ni cha biti 64, RAM ni GB 2 tu, je, nisakinishe ya biti 32 ili kuokoa nafasi? Zamani lilikuwa wazo zuri, kwa sababu mfumo wa biti 32 kweli hutumia kumbukumbu kidogo kuliko mwenzake. Sasa sikushauri. Nafasi utakayookoa ni ndogo ukilinganisha na usumbufu wa kukosa vivinjari na programu zinazosasishwa, na kuna njia bora ya kupata nafasi ambayo nitaieleza mbele.

Flashi, BIOS na maandishi ya skrini

Ukishapakua faili la ISO, lilinganishe kwa sha256sum na alama iliyochapishwa na watengenezaji. Diski ya zamani na mtandao wa kusuasua huharibu faili mara nyingi kuliko unavyodhani. Kisha tazama jina la flashi kwa lsblk, ukiangalia ukubwa wake ili usichanganye na diski kuu, na uandike:

sudo dd if=faili.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Weka herufi halisi mahali pa X. Amri hii haiulizi mara mbili, na ukikosea herufi itafuta diski yako kwa utulivu uleule ambao ingetumia kuandika flashi.

BIOS za zamani zina tabia moja ambayo haimo kwenye miongozo mingi. Unaingia kwenye orodha ya mpangilio wa kuwaka, unatafuta neno USB, hulioni, na unakata tamaa. Mara nyingi flashi ipo, ila imehesabiwa kama diski, na imefichwa ndani ya orodha nyingine inayoitwa "Hard Disk Drives". Ingia humo, ipandishe flashi juu ya diski kuu, hifadhi, na uwashe upya. Flashi iwe imechomekwa kabla ya kuingia BIOS, la sivyo haitaonekana. Kompyuta isiyoweza kabisa kuwaka kwa USB itahitaji DVD.

Kuna kundi jingine ambalo ni mtego: kompyuta ndogo za Atom, hasa zenye Z3735F, na Mac za Intel za mwanzo kabisa. Kichakataji kinaweza kuwa cha biti 64 lakini EFI yake ni ya biti 32, kwa hiyo flashi ya kawaida ya biti 64 haionekani kabisa. Fungua flashi na uangalie ndani ya folda ya EFI, kisha BOOT. Usipokuta faili linaloitwa bootia32.efi, flashi hiyo haitawaka kwenye mashine hiyo, na unahitaji distro inayokuja na faili hilo.

Flashi ikiwaka kisha ikasimama, soma kilichoandikwa, kwa maana kerneli ya Linux husema sababu yake waziwazi. Ujumbe wa "This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU" unakuambia kwamba umeleta mfumo wa biti 64 kwenye kichakataji cha biti 32, badilisha faili. Ukiona "Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2", kerneli imekubali lakini maktaba kuu ya mfumo imekataa, kwa hiyo umeleta distro ya kiwango cha juu kuliko kichakataji chako. Hizo mbili ni silikoni.

Ujumbe wa tatu una siri yake. "This kernel requires the following features not present on the CPU: pae" ukitokea kwenye laptopu ya Pentium M ya kati ya 2003 na 2005, huenda kichakataji kinaijua PAE ila hakijitangazi. Baadhi ya Pentium M zilitoka kiwandani zikiwa na uwezo huo bila ile alama ya kuutaja, na tangu kerneli 3.15 ya mwaka 2014 kuna kigezo cha kuulazimisha. Kwenye menyu ya kuwaka bonyeza Tab, au herufi e ikiwa menyu hiyo ni ya GRUB, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza neno forcepae, kisha endelea. Ni mojawapo ya nafasi adimu ambapo ukuta ulioonekana wa silikoni unageuka kuwa pazia.

Skrini ikiwa nyeusi baada ya maandishi ya mwanzo kupita, shaka iangukie kadi ya picha. Ongeza nomodeset mahali palepale, sakinisha, kisha kiondoe baadaye utakapokuwa umeshughulikia draiva, kwa sababu ukikiacha utabaki na picha nzito na video zinazokwama.

Mfumo umewaka, kazi haijaisha

Kichakataji ndicho kinacholaumiwa kila kompyuta inapozubaa, na mara nyingi hakina hatia. Diski ya kuzunguka ndiyo inayochelewesha. SSD ya SATA kwenye kompyuta ya 2008 haitafika kasi yake kamili, kwa kuwa SATA ya kizazi cha pili huishia takriban MB 300 kwa sekunde, lakini kinachobadilisha maisha ni kule kusoma vipande vidogo vilivyotawanyika bila kusubiri kichwa cha diski kitembee. Kabla ya kusakinisha, ingia BIOS na uhakikishe kidhibiti cha SATA kiko kwenye AHCI, namna mpya ya kuwasiliana na diski, badala ya IDE ya zamani. Usibadilishe hilo juu ya Windows iliyokwisha kusakinishwa bila maandalizi, maana utakaribishwa na skrini ya bluu.

Kuhusu RAM, angalia kikomo cha bodi kabla ya kununua. Laptopu zenye chipseti ya Intel 945 hazitumii zaidi ya takriban GB 3 na ushei hata ukizijaza GB 4, na hilo halitegemei mfumo uliosakinisha. Ukishafika kikomo, tumia zram, ambayo hubana kurasa za kumbukumbu na kuziweka ndani ya RAM yenyewe badala ya kuzitupa kwenye diski. Kwenye Debian na jamaa zake, sakinisha kifurushi cha zram-tools, fungua /etc/default/zramswap, weka ALGO=lz4 na PERCENT=50, kisha washa upya huduma ya zramswap. Nimeandika lz4 kwa makusudi: zstd hubana zaidi, lakini humtoza kichakataji kazi zaidi, na huku kichakataji ndicho masikini. Kwa eneo la kazi, Xfce au LXQt zinatosha kabisa. Kwa GB 1 hadi 2, IceWM inayokuja na antiX ni bora kuliko zote.

Video za intaneti ndizo zinazowaumbua vichakataji vya zamani. Tovuti kubwa hupenda kutuma VP9 au AV1, miundo ambayo kadi za picha za zamani haziwezi kuifumbua, kwa hiyo kazi yote inamwangukia kichakataji na feni inaanza kulia. H.264 nyingi ya kadi hizo zinaifahamu tangu zamani. Kwenye Firefox fungua about:config na uifanye media.av1.enabled kuwa false, na media.mediasource.webm.enabled nayo false, au weka kiongezi cha h264ify, kisha ujizuie na 720p. Tofauti utaiona kwa amri ya top, inayoonyesha kila programu inakula nini, ndani ya dakika moja: kivinjari kilichokuwa kinakula viini vyote kitashuka.

Usimbaji wa diski nzima unahitaji tahadhari. Amri za AES kwenye Intel zilianza na Westmere ya 2010, na kabla ya hapo kila kipande cha data hufumbuliwa kwa nguvu za kawaida. Endesha cryptsetup benchmark uone mwenyewe. Ikiwa kasi ya aes-xts iko chini ya kasi ya diski yako, utaihisi. Adiantum, iliyotengenezwa na Google mwaka 2018 kwa ajili ya vichakataji visivyo na AES, ni mbadala mzuri, na LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, inaikubali.

Suala la Meltdown na Spectre, kasoro za usalama za vichakataji zilizotangazwa Januari 2018, ni zito zaidi kwa vichakataji vya zamani. Kinga ya Meltdown hutenganisha kumbukumbu ya kerneli na ya programu, na gharama yake ni kubwa zaidi pale ambapo alama ya pcid haipo kwenye orodha ya kichakataji. Mbaya zaidi, mwezi Aprili 2018 Intel ilitangaza kwamba haitatoa mikrokodi (programu ya ndani ya kichakataji) mpya ya Spectre kwa familia kadhaa za zamani, zikiwemo Penryn na Bloomfield, kwa hiyo huko kinga inategemea mfumo endeshi pekee. Hali ya mashine yako utaiona kwa amri hii:

grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*

Kigezo cha mitigations=off, kilichopo tangu kerneli 5.2, huzima kinga zote na kurudisha sehemu ya kasi. Ninakitumia kwenye mashine isiyofungua kivinjari na isiyoendesha programu za watu nisiowajua. Kwenye kompyuta ya kufungulia barua pepe na benki sikigusi, hata iwe nzito kiasi gani.

Mwishowe utakutana na programu moja moja zinazokufa zikisema "Illegal instruction" huku mfumo ukiwa mzima. Maana yake ni kwamba programu hiyo imejengwa kwa amri ambazo kichakataji hakinazo. MongoDB kuanzia 5.0 inadai AVX, Chrome kuanzia toleo la 89 inadai SSE3, na vifurushi vya TensorFlow vilivyo tayari vinadai AVX tangu 1.6. Kusakinisha upya hakusaidii. Kinachosaidia ni toleo la nyuma kidogo, kifurushi cha distro yako badala ya kile cha tovuti ya mtengenezaji, kwa kuwa distro hujenga kwa kiwango chake yenyewe, au kuijenga programu mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake. Hilo la mwisho likikushinda usiku kucha kwenye Core 2 Duo, lijenge kwenye mashine nyingine yenye nguvu ukitumia -march=core2, kisha unakili matokeo.

Na ikiwa kila tovuti inalalamika kuhusu cheti, au apt inadai kwamba faili la Release bado halijaanza kutumika, usifungue mipangilio ya mtandao. Andika date. Ukikuta mwaka umerudi nyuma zaidi ya muongo, zima kompyuta, fungua kifuniko na ubadilishe betri ya CR2032 iliyoko kwenye bodi, kisha ingia BIOS urekebishe saa. Hapohapo hakikisha pia kwamba AHCI haikurudi kuwa IDE, kwa sababu betri ikifa mipangilio hiyo nayo hupotea.